Maiti Tatu, Ndege Moja

Haya, mnaoniuliza mbona kimya kingi: nilikuwa naunda ndege. Siyo ya kupanda, ndugu zanguni, ni hizi za rimoti, ambazo watu wanaziita za kuchezea mpaka siku propela iwachane kidole. Na sikununua mpya. Nimeiunda kutokana na maiti tatu.

Maiti ya kwanza ni yangu mwenyewe. Mabawa yake mazima, sentimita 140 kutoka ncha hadi ncha, ila pua hakuna. Ni kazi ya kunguru wa Dar, ambao hawataki mgeni angani kwao. Nyingine mbili ni za rafiki yangu mmoja. Huyu bwana aliacha kabisa siku ndege yake ilipokata mawasiliano ikiwa juu, ikashuka kichwa chini na kujichimbia kama hatua kumi tu kutoka walipokaa watoto waliokuja kutazama. Hakuna aliyeumia. Jioni ile ile alileta kwangu kiroba cha mabaki, akasema nisimrudishie hata skrubu.

Kiroba kile kilikaa uvunguni muda mrefu. Nilipokifungua nilikuta kiwiliwili kizuri, mkia usio na ufa, na mota yenye nguvu kuliko yangu ya zamani. Kwa macho, ndege nzima ilikuwa pale sakafuni. Kwa mizani, hapakuwa na ndege. Kila kipande kilikuwa kimepimiwa mwili mwingine, na ukiviunganisha vinagombana.

Ugomvi wa kwanza ni wapi uzito unakaa. Mabawa yangu yana upana wa sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ndege ya namna hii ukiinyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa, inatakiwa itulie sawa ukiwa umeishika kwenye robo hadi theluthi ya upana huo, yaani kama sentimita 5 hadi 6 na nusu kutoka mbele. Yangu iliinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji, kwa sababu ya ile mota nzito. Ikabidi nitoboe kiwiliwili, betri irudi nyuma mpaka chini ya mabawa. Ukizidisha kurudisha ni balaa jingine: mkia ukiwa mzito, ndege haishikiki kabisa.

Ugomvi wa pili ni gundi. Gundi ina uzito jamani! Vijiti vya mishikaki nilivyochomeka kwenye maungio ni vyepesi, lakini gundi ya kuvishika siyo. Ndege yangu ya zamani ilikuwa gramu 900, hii ikafika 1,125. Hiyo ni robo zaidi juu ya mabawa yale yale, maana yake mwendo mdogo kabisa wa kubaki hewani unapanda kwa karibu asilimia 12. Itatua kwa kasi zaidi, na ikigonga, itagonga kwa nguvu zaidi.

Mwenye kupenda sinema za zamani atakuwa ameikumbuka The Flight of the Phoenix ya mwaka 1965: ndege imeanguka Sahara, manusura wanaunda nyingine kutoka kwenye mabaki, halafu inagundulika kwamba fundi mkuu kazi yake ni kusanifu ndege ndogo za mfano. Watu hucheka hapo. Mimi sicheki, kwa sababu ndege iliyoundwa kwa ajili ya sinema hiyo, nayo kwa vipande vya ndege nyingine, iligusa ardhi wakati wa kupiga picha, ikakatika kiwiliwili na kumuua rubani Paul Mantz. Tangu nijue habari hiyo, maungio nayakagua kwa tochi.

Kitu pekee nilichonunua kipya ni kisanduku cha kupokea mawimbi ya rimoti. Kile cha kwenye kiroba nilikivunja kwa nyundo, asije mtu akakiokota. Kisha nikajaribu mawasiliano ndege ikiwa chini, rimoti nimeipunguza nguvu, narudi nyuma hatua kwa hatua huku natazama mkia kama unatii. Ulitii.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanja mpana nje ya Bagamoyo. Rafiki yangu alikuja, akakataa kuirusha. Alichofanya ni kuwakusanya watoto nyuma ya gari na kusimama mbele yao, mikono ameitanua kama golikipa. Nikairusha mwenyewe. Ilizama kidogo, roho yangu nayo ikazama, halafu mota ikaivuta. Nilizunguka mara nne, kila kona mbali na lile gari, nikaishusha kwenye nyasi. Ilikuja kwa kasi kama hesabu ilivyosema, ikaserereka, ikavunja propela.

Watoto waliruhusiwa kukimbia. Yeye alifika kwanza. Akaiokota, akaigeuza, akabonyeza ungio la mkia wake kwa kidole gumba.

"Hapa ongeza gundi," akasema.

Nikamwambia gramu zimekwisha.