Koni Moja ya Akiba

Je, msomaji, umepata kuwapeleka wanao Mama Ngina, kule Mombasa? Ukishaiona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nenda hadi kwenye mibuyu kando ya bahari, uzitazame meli zikiingia Kilindini.

Mwaka 1994 baba alitupeleka huko kwa gari la moshi la usiku kutoka Nairobi. Akatununulia aiskrimu za koni. Sisi wa bara tulilamba polepole, kumbe joto la pwani halisubiri mtu. Ya dada yangu ikaanguka chini. Mimi niligeukia upande wa pili nikaharakisha kuimaliza yangu. Baba akampa yake, akidai ana jino bovu.

Juzi nilirudi na wanangu kwa reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Koni ya kitinda mimba ikaanguka. Nikampa yangu, nikasema jino linaniuma. Ndipo nilipokumbuka: jioni ile ile ya 1994, baba alitafuna mahindi ya kuchoma bila taabu.

Ukienda, msomaji, nunua koni moja zaidi.