Spini zake, vipele vyangu

Wanaume wengi wanaojua mpira wa meza wana ugonjwa mmoja: spini. Hawakuanzishii mpira ili mcheze, wanakuanzishia ili uaibike. Kampira ka milimita 40 kanarushwa juu, raketi inapita chini yake kama kisu kwenye kitunguu, na wewe ukikagusa tu kanadondoka kwenye wavu. Unaofuata unaruka pembeni mpaka kwenye viti vya watazamaji. Yeye anacheka. Mume wangu ni mmoja wao.

Tumeoana miaka 11, na Jumamosi jioni ndiyo muda wetu. Watoto wanabaki kwa bibi yao, simu zinaingia kwenye mkoba, tunakwenda kwenye ukumbi mmoja pale Upanga wenye meza mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Siku nyingine zote tunaongea ada, luku na foleni. Kwa hiyo shoga, ukiona naung'ang'ania mchezo huu, elewa kwamba siyo pointi ninazozililia.

Aliyeniletea dawa ni wifi yangu mwenyewe, dada yake wa damu, anayefuata mzigo Guangzhou. Raba ya vipele virefu! Raba ya kawaida ni laini na inashika mpira. Hii ina vijiti vidogo vilivyosimama kama nywele zilizonyolewa wiki mbili zilizopita, na mpira ukifika vinalala.

Siri yote iko hapo. Mpira uliokatwa chini unakuja kwako huku unazunguka kurudi nyuma, kuelekea kwa aliyeupiga. Raba laini inaukamata mzunguko huo, ndiyo maana mpira unakufa kwenye wavu. Vipele virefu haviukamati. Mpira unateleza na kuondoka ukiendelea kuzunguka vilevile, ila sasa umegeuza njia: mzunguko uliokuwa wa kurudi nyuma umekuwa wa kwenda mbele. Yeye ameona mkono wangu ukisukuma, anadhani nimeukata, naye anaukata tena. Unapaa kama tiara! Hapo mimi nausubiri na ule upande laini. Akipiga spini ya juu kwa kasi, nikiuzuia tu unarudi umekatwa, unaishia wavuni kwake. Anapigwa na fimbo yake mwenyewe.

Ila msidhani raba inacheza yenyewe. Mtu akipewa vipele kwa mara ya kwanza anauchota mpira kwa chini kama anachota mchuzi, na mpira unapaa, anamalizwa. Usichote. Simamisha raketi karibu wima, ishike kilegevu, subiri mpira udunde na kukaribia kilele chake, kisha usukume mbele kidogo tu, kama unafunga droo ya kabati. Ile spini ya pembeni iliyokuwa ikinitoa machozi siku hizi hainisumbui sana, nalenga katikati ya meza basi.

Jumamosi ya nne nilimfunga seti tatu mfululizo. Baba watoto akanuna. "Hiyo siyo raketi, mama, huo ni uchawi." Jumamosi iliyofuata gari likawa na matatizo. Iliyofuata tena, kichwa kinauma. Tukakaa nyumbani, yeye na rimoti, mimi na nguo za kupiga pasi, na muda wetu ukapotea hivihivi.

Mama mkwe alinishauri nirudie raba ya zamani. "Mwanangu, muache ashinde, mwanaume ana moyo mwepesi." Nampenda sana mama yule, lakini hilo nililikataa. Nikijifungisha kila wiki, atakuwa anacheza na ukuta, na ukuta anao nyumbani.

Na uchawi uko wapi? Raba hizi zinaruhusiwa kabisa. Shirikisho la dunia, ITTF, lilipiga marufuku vile vipele visivyo na msuguano hata kidogo mwaka 2008, hivi vingine vikabaki. Pande mbili za raketi lazima ziwe na rangi tofauti, na kabla ya mechi mpinzani ana haki ya kuikagua. Deng Yaping wa China, mwanamke wa kimo cha mita moja na nusu hivi, alikuwa na vipele virefu upande wa bekihendi na akabeba dhahabu nne za Olimpiki, mwaka 1992 na 1996. Ni Xialian wa Luxembourg naye anatumia vipele, na mwaka 2024 kule Paris alishinda mechi ya Olimpiki akiwa na miaka 61. Kocha wake nani? Mumewe! Hiyo nilimsomea baba watoto kitandani. Akageukia ukutani.

Jumamosi ya tatu akavaa raba zake bila kuambiwa. Kumbe alikuwa amepita ukumbini katikati ya wiki, akaongea na wazee wa pale. Akaanzisha mpira mrefu, mtupu, hauna spini yoyote, moja kwa moja kwenye vipele vyangu. Sasa vipele vitarudisha nini? Mpira mtupu unarudi mtupu, umelegea, unaomba kupigwa. Akaupiga. Mwingine mtupu, akaupiga. Kumi na moja kwa sita. Nilikasirika kidogo na nilifurahi sana, na mzee mmoja pembeni akapiga makofi.

Njiani kurudi alizima redio. Akaniambia kazini kwao wanapunguza watu, barua zinatoka mwisho wa mwezi, na alikuwa akilijua hilo tangu wiki ile gari "lilipoharibika". Hakuzungusha neno hata moja. Tuliongea mpaka Mwenge, tukapitiliza kituo cha mafuta, tukarudi, tukaongea tena.

Barua haijatoka bado. Jumamosi hii ana mipira yake mitupu, na mimi kila usiku nikisubiri wali uive nafanya mazoezi ya kugeuza raketi mkononi, ili ule mrefu aukute upande laini.