Samaki Ni Halali, Je, Mafuta?

Sisi tuliozaliwa pwani hudhani kwamba mla samaki hana la kuuliza. Nyama ina mchinjaji na kisu chake. Samaki hahitaji kuchinjwa. Miaka ninayoishi Homa Bay, kwa ajili ya kazi ya mume wangu, imenifunza kuwa swali lipo, ila limehamia jikoni.

Samaki wa ziwani mwenyewe hana utata. Katika Suratul Faatir, Mwenyezi Mungu anazitaja bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi, na anatukumbusha kuwa katika zote mbili tunapata kitoweo. Basi ngege na mbuta wa Ziwa Viktoria ni riziki yetu kama walivyo changu na tasi wa kwetu.

Binti yangu alipoalikwa na wanafunzi wenzake kula katika hoteli moja ya ufukoni, wapo walionishauri nimzuie. Niliona uzito wa pande mbili: dini yake, na upweke wa mtoto ambaye kila anapoitwa hujibu kuwa haruhusiwi. Siku moja kabla, nilimwendea mwenye hoteli, mama wa Kijaluo wa makamo, nikamweleza haja yangu. Hakukasirika. Aliniambia waziwazi kuwa karai la kukaangia samaki ndilo la kukaangia soseji za nguruwe. Kisha akasema, “Wa mtoto wako nitamchemsha kwa nyanya na kitunguu, katika sufuria ninayochemshia maziwa. Atakula ugali pamoja na wenzake.” Na ndivyo alivyofanya.

Tangu hapo binti huuliza mwenyewe. Juzi, akiwa Nairobi na shangazi yake, walipita mbele ya mkahawa wa Kijapani. Shangazi alitia shaka ule ubichi wa samaki. Ubichi haumharamishi samaki. La kuuliza ni mirin, kileo cha mchele kinachotiwa katika michuzi mingi ya Kijapani. Binti aliingia, akauliza, akaambiwa kimo, akashukuru na kutoka.

Kina mama wenzangu mlioko Migori, Rongo na kwingineko bara, wafunzeni watoto kuuliza mapema na kwa adabu: mafuta gani, chombo gani, mchuzi una nini. Jibu likiridhisha, waacheni wakae na wenzao.

Wabillahi tawfiq.