Chaliyam: Kijiji cha Malibari na Funzo Lake Kwetu



Kila aliyesoma fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafii katika mwambao wetu hulijua jina la kitabu kiitwacho Fat-hul Muin, alichokitunga Sheikh Zainuddin al-Malibari. Walakini ni wachache wanaouliza: Malibari ni wapi? Wengine hudhani kuwa ni mji wa Arabuni. Sivyo. Malibari ni pwani ya magharibi ya Bara Hindi, upande wa kusini, katika jimbo ambalo leo laitwa Kerala. Sheikh huyo alikuwa mtu wa Ponnani, katika karne ya 16, na nchi yake ina bahari ile ile tuliyo nayo sisi, na minazi, na pepo zile zile za kusi na kaskazi.

Mwaka wa 2017 nilifuatana na ndugu yangu aliyekwenda kutibiwa Kozhikode, mji ambao katika vitabu vya zamani huitwa Calicut. Siku za kumngojea daktari zilikuwa nyingi, nami nikapata nafasi ya kwenda kukitazama kijiji cha Chaliyam, kilichoko kusini ya mji huo, kati ya mto Chaliyar na mto Kadalundi. Nilifika kwanza Beypore, kisha nikavuka mto kwa pantoni pamoja na magari, pikipiki na akina mama wenye vikapu vyao.

Kijiji hiki ni kidogo, bali habari zake ni kubwa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alifika pia huko miaka kumi na kitu baadaye. Akapaita Shaliyat, akasifu uzuri wa mahali penyewe, na akataja nguo zilizofumwa hapo na kuitwa kwa jina la mji. Basi mtu mmoja aliswali katika misikiti ya kwetu, kisha akaswali katika misikiti ya kwao.

Hata adui yetu alikuwa mmoja. Wareno walioingia Kilwa na Mombasa kwa mabavu mwaka wa 1505 ndio hao hao waliojenga ngome Chaliyam mwaka wa 1531. Sheikh Zainuddin, katika kitabu chake kingine kiitwacho Tuhfatul Mujahidin, aeleza kwamba walivunja msikiti wa kale wa hapo wakajengea ngome yao kwa mawe yake. Ngome ile ilikaa miaka 40, ikiziba mlango wa mto na kuwadhulumu wafanya biashara. Mwaka wa 1571 Zamorin, mfalme wa Calicut, aliizingira mpaka Wareno wakasalimu amri, kisha ikabomolewa. Nanyi zingatieni jambo hili: Zamorin alikuwa Mhindu, na katika waliompigania walikuwamo Waislamu wengi. Walikaa naye kwa ahadi, na ahadi ikatimizwa pande zote mbili. Kadhi Muhammad wa Calicut alitunga shairi la Kiarabu juu ya ushindi huo, akaliita Fat-hul Mubin.

Kadhi huyo huyo, mwaka wa 1607, alitunga sifa za Sheikh Abdulkadir Jilani kwa lugha ya watu wake, akaziandika kwa herufi za Kiarabu. Watu wa Malibari huiandika lugha yao hivyo tangu zamani, wakaongeza alama kwa sauti ambazo Kiarabu hakina. Na je, wazee wetu hawakuandika tenzi za Kiswahili kwa herufi hizo hizo? Leo ni vijana wangapi wa kwetu wawezao kuisoma barua ya babu zao?

Ama maisha ya kila siku, mtu wa pwani yetu hatayaona mageni. Wavuvi hurudi asubuhi na samaki wadogo mfano wa dagaa, nao huliwa kwa mchuzi wa ukwaju au wa nazi. Mchele husagwa, ukafanywa mkate mwembamba uitwao pathiri. Inapovuma kusi, mwezi wa Juni na Julai, mvua hunyesha kwa nguvu, na serikali huzizuia mashua kubwa zenye nyavu za kukokota ili samaki wapate kuzaa. Ng'ambo ya mto, Beypore, mafundi huunda majahazi makubwa ya mbao, waitayo uru, bila ya ramani ya karatasi. Vipimo vyote vimo kichwani mwa fundi mkuu, naye huvirithisha kwa anayemfuata. Jahazi likiisha, huteremshwa majini kwa kamba na magogo, kwa nguvu za watu wavutao pamoja.

Lakini lililonigusa zaidi ni watoto. Katika mji ule saa moja ya asubuhi njia hujaa wavulana na wasichana wenye misahafu, wakielekea chuoni. Husoma Kurani, fikihi na tabia njema, na mnamo saa nne huwa wamekwisha kuingia skuli. Ipo bodi ya madrasa za Kerala, iliyoundwa mwaka wa 1951, inayotoa vitabu vya kusomeshea na kutahini watoto wa darasa la tano, la saba na la kumi. Hapana aliyeambiwa achague kati ya dini na dunia.

Nasema haya kwa sababu mwaka uliofuata alinijia mzazi mmoja, akataka kumtoa mwanawe chuoni naye amebakisha juzuu sita. Akaniambia, "Maalim, mtoto ana mitihani ya skuli, na chuo hakimlishi mtu." Sikumjibu kwa ukali, kwani najua taabu yake ya ada na chakula. Nilimweleza habari za kijiji hiki. Nikamwambia kwamba skuli zetu hufunguliwa mapema zaidi kuliko za kwao, kwa hiyo hatuwezi kuiga kila kitu, bali baada ya Alasiri ipo saa moja ambayo mtoto huipoteza barazani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nipe saa hiyo." Mtoto alihitimu baada ya miaka miwili, na skuli hakushindwa. Wenzake watatu waliotolewa mwaka ule hawakurudi tena, na mmoja wao leo huniomba nimsomee khitma ya baba yake, kwa kuwa yeye hawezi.

Enyi wazazi, ngome ya mawe ilikaa miaka 40 ikabomoka, na kitabu cha Sheikh kinasomeshwa mpaka leo, Malibari na kwetu. Kila nyumba na itenge saa moja kwa siku, isiyoguswa na shughuli nyingine. Fundi wa jahazi asiyemrithisha mtu vipimo vyake huzikwa navyo, na mzazi ni vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto watakaotuombea dua baada yetu. Amin.