Kasuku wa Mama

Ndege mgonjwa anajificha. Porini anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza, kwa hiyo ukingoja aanguke kwenye kijiti chake umechelewa kabisa.

Kasuku wetu, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, alitoka Maniema pamoja na mama. Amezeekea hapa Nakivale. Mama hayupo tena, ila kila asubuhi ndege anaita "Amka we, maji!" kwa sauti yake ileile, hadi majirani wanaijua. Basi namchunguza.

Mzee kusinzia mchana, sawa tu. Lakini akivimbisha manyoya siku nzima na baridi hakuna, macho nusu yamefumba, huo si uzee. Tazama mkia: ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, anapumua kwa shida. Moshi wa jiko unamuumiza kuliko sisi, ndiyo maana tunapikia nje. Na bakuli lisikudanganye, anaweza kumenya karanga bila kumeza. Mguse mfupa wa kifua. Ukiusikia umechongoka kama kisu, amekonda chini ya manyoya.

Wiki hii nimegusa, umeanza kuchongoka.

Daktari wa mifugo anayepita huku anajua mbuzi na ng'ombe. Alimtazama, akacheka kidogo, akasema nimpe joto na chakula laini. Nimefunika tundu kwa blanketi upande wa upepo, nampa ndizi na mahindi ya kuchemsha.

Leo asubuhi ameita, lakini "maji" tu.