Nyasi Zinazolisha Nyumba

Huko kaunti ya Spink, jimbo la South Dakota nchini Marekani, tulikaribishwa na familia ya wakulima ambayo nyumba yao hupokea wageni wanaokuja kuwinda fezanti. Huyu ni ndege wa jamii ya kuku, mwenye mkia mrefu. Asili yake ni Asia, na msimu wa kwanza wa kumwinda jimboni ulifunguliwa hapo Spink mwaka 1919.

Fezanti wa mwitu hafugwi. Hutaga chini, majanini. Kwa hiyo familia hii hailimi ardhi yote. Huacha vipande vya nyasi ndefu. Wakilima hadi mpakani, ndege watatoweka, na pato la wageni litakwenda nao.

Msimu mkuu huanza Oktoba. Saa nne asubuhi wawindaji, wamevaa rangi ya machungwa, hupita shambani kwa mstari pamoja na mbwa, baba mwenye nyumba akiongoza. Wengine husubiri upande wa pili. Kila mmoja huruhusiwa majogoo watatu kwa siku. Majike hawaguswi, ili watage. Ndege anayeruka chini hapigwi, maana mbele kuna watu. Sisi wauguzi sharti hilo lilitupendeza kuliko yote.

Jioni mama huipapasa nyama kwa vidole, atoe chembe za risasi kabla ya kupika.

Akina mama wenzetu, kwetu nako kuna kwale. Je, tumewaachia nyasi kiasi gani?