Bomba Si Mtungi

Kivukoni, Ifakara

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako amenisimulia kwamba bomba la gesi la Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) limefika hapo Mikocheni, Dar es Salaam, mnapokaa, na unataka ile bruda ya vifaranga, inayotumia mtungi ndani ya banda la gari, iunganishwe na bomba ili uachane na gharama za kujaza. Nimefurahi sana. Huku wenzako bado wanalea vifaranga kwa jiko la mkaa, na mkaa wenyewe unatoka kwenye misitu inayoutunza mto wetu. Lakini nimesikia fundi amekuambia kazi ni kuchomoa mpira kwenye mtungi na kuuchomeka kwenye bomba, basi. Hapo nakuomba usubiri kidogo.

Gesi hizo ni mbili tofauti. Ya mtungi ni propani na butani, zinakuja kwa meli zikiwa zimeshindiliwa mpaka zikawa maji. Ya bomba sehemu kubwa ni methani, na inatoka kwetu wenyewe: Songo Songo, ilikogunduliwa 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam 2004, na kule Mtwara, ambako bomba kubwa la kuifikisha Dar lilikamilika 2015. Ukichukua ujazo ulio sawa wa gesi hizi, propani inatoa joto kama mara mbili na nusu ya methani.

Izime bruda, iache ipoe, kisha tazama gesi inapoingilia. Utaona kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, jembamba kama ncha ya sindano. Hiyo ndiyo nozeli. Tundu lake limepimwa kwa ajili ya gesi ya mtungi. Ukipitishia gesi ya bomba, moto utakuwa hafifu na vifaranga watarundikana chini ya bruda wakilia. Fundi wa haraka akiona hivyo atachukua keekee alitanue tundu. Usimruhusu, hata akisema amewafanyia watu wengi. Tundu likizidi, gesi inaizidi hewa, moto wa buluu unageuka wa njano, masizi yanapanda ukutani, na inatoka kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hiyo haiui vifaranga peke yao. Banda lako limepakana na chumba wanacholala watoto.

Ninachokihofia zaidi ni siku bomba litakapofungwa kwa matengenezo. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, hawawezi kungoja. Usiku huo utaukumbuka mtungi uliouweka stoo, utauchomeka kwenye bruda ile ile iliyotanuliwa tundu. Gesi yenye joto kubwa zaidi itapita kwenye tundu lililo kubwa zaidi, na mwali utatoka nje ya chombo, juu ya maranda makavu. Kwa hiyo bruda ikishabadilishwa, iandike kwa rangi isiyofutika: GESI YA BOMBA TU. Kwa dharura weka bruda nyingine ya mtungi ambayo haijaguswa, au taa za umeme.

Mabadiliko ya kweli ni nozeli iliyotengenezwa na kiwanda cha bruda hiyo hiyo kwa gesi asilia, yaani hiyo ya bomba, pamoja na regulata yake, maana presha nayo ni tofauti. Kama kiwanda hakitoi vifaa hivyo, iuze bruda kwa mtu wa mtungi, ununue iliyoundwa kwa gesi ya bomba. Najua ni hela, nami niko tayari kukuongezea. Kazi ya kuanzia kwenye mita waachie wenye bomba na fundi wanaomtambua, na kila kiungo kipakwe povu la sabuni mbele ya macho yako. Pakitoka mapovu, panavuja. Asiwashe kiberiti kujaribu.

Tena kuna jambo la banda lenyewe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, ndiyo maana ulitoboa matundu chini ya ukuta. Ya bomba ni nyepesi, inapanda na kujikusanya chini ya dari. Banda lako lina dari ya bodi iliyozibwa kila upande. Toboa matundu ya juu, pande mbili zinazotazamana, kabla gesi haijawashwa, na yale ya chini usiyazibe, moto unahitaji hewa. Najua utaogopa baridi ya usiku kwa vifaranga. Wakinge kwa duara la maboksi kuzunguka bruda, lakini banda lipumue.

Nyuma ya bruda kuna kibati kilichoandikwa aina ya gesi na presha yake. Kipige picha unitumie leo, na umwambie fundi asije kesho mpaka tuongee.

Mjomba wako